Kijumba cha Watoto: Mwigo, Ukosoaji na Historia ya Mchezo wa Baba na Mama

Utangulizi

Watoto wa Kenya wanapogawana nafasi za baba, mama, mtoto na mgeni chini ya mti au nyuma ya jiko, mchezo wao huwa na majina kadha wa kadha. Wako wanaouita cha baba na cha mama. Wengine, hasa mijini, huuita kalongolongo. Vifaa vyake ni vile vile karibu kila mahali: vijiwe vitatu badala ya mafiga, kifuu au mkebe uliotupwa badala ya sufuria, mchanga badala ya unga, majani badala ya mboga (na baadaye, sokoni, badala ya fedha), na gunzi la mahindi lililofungwa mgongoni kwa kipande cha leso, ambalo hulia, hunyonya na hushikwa na homa. Yafaa ikumbukwe kwamba kifuu hicho hicho, kikitiwa mpini na fundi, ndicho upawa na ndicho kata ya maji. Baina ya chombo cha mchezo na chombo cha kazi pana masafa mafupi kuliko yanavyodhaniwa na mtu aliyezoea vinyago vya dukani.

Mwanafunzi wa shule ya upili hukutana na mchezo huu chini ya kichwa cha michezo ya chekechea, ambayo huhesabiwa miongoni mwa vipera vya maigizo. Huarifiwa kwamba katika michezo hiyo watoto huiga shughuli za watu wazima, na kwamba kwa kuiga huko hujifunza majukumu yatakayowakabili ukubwani. Akishaarifiwa hayo huambiwa atoe mifano, na somo huishia hapo.

Makala haya yanaifuatilia historia ya maelezo hayo: yametoka wapi, yaliwafaa akina nani, na ni mambo gani yaliyofichika kwa sababu yake. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba aghalabu mtu mzima aliyechungulia kijumbani alikuta humo kile alichokuwa akikitafuta tangu mwanzo. Mwanafalsafa alikuta raia, mwalimu wa kikoloni alikuta uchafu unaohitaji kusafishwa, mwanasiasa alikuta shule, na mtaala ukakuta somo. Ni wachache waliotulia wakasikiliza yaliyokuwa yakisemwa. Hao waligundua kwamba watoto, pamoja na kuiga nyumba, walikuwa wakiihukumu.

Mjenzi wa Plato, mazoezi ya Groos

Wazo la kwamba mchezo ni maandalizi lina umri mkubwa. Katika Kitabu cha Kwanza cha Sheria, Plato anapendekeza kwamba anayetarajiwa kuwa mjenzi stadi acheze kwa kujenga vijumba tangu utotoni, na kwamba walezi wampe zana ndogo zilizofanywa kwa mfano wa zana halisi. Kijumba cha Plato kina mwenyewe, naye si mtoto. Mlezi ndiye anayechagua zana, ndiye anayejua mwisho wa mchezo, na ndiye atakayepima iwapo matamanio ya mtoto yameelekezwa panapostahili.

Aristotle, katika Sura ya Nne ya Poetiki, aliligeuza jambo hilo kidogo, na tofauti hiyo ni ya maana kwa mhakiki. Kwake, kuiga ni hulka ya binadamu tangu utotoni, na masomo ya kwanza ya mtoto hupatikana kwa njia hiyo. Lakini papo hapo anaongeza kwamba binadamu hufurahia mwigo kwa sababu hupata raha ya kutambua, ya kusema kuwa hiki ni kile. Kutambua ni kazi ya akili inayolinganisha. Anayelinganisha hawezi kukosa kuona mahali ambapo kielelezo na mwigo wake vinapishana, na kicheko huzaliwa papo hapo. Bahati mbaya, waliozungumzia michezo ya watoto katika karne zilizofuata walimsikiliza zaidi Plato.

Nadharia hiyo ilipata mavazi ya kisayansi mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, Mjerumani Karl Groos alipochapisha kitabu chake kuhusu michezo ya wanyama mwaka 1896 na kingine kuhusu michezo ya binadamu mwaka 1899. Groos alishikilia kwamba mchezo ni mazoezi ya silika ambazo kiumbe atazihitaji akikomaa: paka mdogo huwinda jani ili baadaye awinde panya, na msichana hubembeleza mwanasesere ili baadaye abembeleze mwana. Wepesi wa mfano huo ndio uliousambaza. Ulifika katika vyuo vya ualimu, ukafika katika semina za anthropolojia, na kutoka huko ukafika Afrika Mashariki kwa njia mbili tofauti kabisa, moja ya serikali ya kikoloni na nyingine ya mpinzani wake.

Kijumba cha Kabete

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki na kupendekeza elimu itakayofungamana na maisha ya kijijini: kilimo, afya, na utunzaji wa nyumba. Mwaka uliofuata Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, na James Dougall, aliyekuwa katibu wa tume hiyo, akawa mkuu wake wa kwanza. Walimu waliopelekwa huko hawakwenda peke yao. Walikwenda na wake zao na watoto, wakapewa nyumba ndogo katika uwanja wa shule, na wakati mume akisomea namna ya kuzikagua na kuziinua shule za vijijini, mke alifunzwa usafi, upishi, ushonaji na malezi ya watoto. Walitarajiwa kurudi kwao wakiwa kielelezo. Jirani angeitazama nyumba yao, angeona dirisha, choo na vyombo vilivyopangwa, naye angeiga.

Jambo hili halijapewa uzito unaolistahili katika mjadala wa mwigo. Serikali ambayo shule zake ziliuona mchezo wa uani kuwa uzembe wa kukomeshwa kwa kengele ilijenga kijumba chake yenyewe, ikawaweka humo watu wazima, na kuwagawia nafasi za baba na mama. Kwa istilahi za maigizo, mandhari ilikuwa imeandaliwa, wahusika walikuwa wamepangwa, na hadhira ya wakaguzi na wageni ilikuwapo. Kabete ni Plato mtupu, kwa kuwa kila kitu kilichotakiwa na Sheria kilipatikana hapo ila umri wa wachezaji. Kilichokosekana ni kile ambacho mtoto yeyote wa miaka sita anacho nyuma ya jiko, yaani haki ya kuugeuza mchezo katikati na kuwacheka wenye nyumba.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kuwafanya wake wa walimu wa Kabete kuwa karagosi. Maendeleo ya Wanawake, chama kilichoanzishwa mwaka 1952 na kutokana na mkondo huo huo wa mafunzo ya nyumbani, kilianza kwa mapishi na cherehani chini ya macho ya idara za serikali katika miaka ya Hali ya Hatari. Baada ya uhuru wanawake wengi walikitumia kwa shabaha ambazo waasisi wa mafunzo hayo hawakuzikusudia. Hata mchezo uliotungwa na mwingine huweza kugeuzwa na wanaoucheza. Mwaka 1961 uwanja wa Kabete uligeuzwa kuwa chuo cha utawala, na walioingia humo kujifunza nafasi mpya safari hii walikuwa maofisa wa dola iliyokuwa ikikaribia kuzaliwa.

Kenyatta na shule ya uani

Njia ya pili ilipitia London. Jomo Kenyatta, aliyesoma chini ya Malinowski, alichapisha Facing Mount Kenya mwaka 1938. Katika sura inayohusu elimu anawaeleza wavulana wa Kikuyu wenye mikuki ya miti na ngao za magamba ya mgomba, na wasichana wanaosuka vikapu vya nyasi, wanaosaga, wanaofinyanga vyungu vidogo na kupika vyakula vya kuwazia. Anatamka waziwazi kwamba michezo hiyo inathibitisha nadharia isemayo kuwa mchezo hutangulia maisha ya utu uzima, na kwamba kimsingi ni majaribio ya shughuli ambazo jamii nzima inazichukulia kwa uzito.

Msomaji akiyatazama maelezo hayo nje ya wakati wake, atayaona kuwa ya kawaida. Mwaka 1938 hayakuwa ya kawaida. Mgogoro wa tohara ya wasichana wa mwaka 1929 ulikuwa umewatenga Wakikuyu wengi na misheni, na katika miaka ya thelathini shule za kujitegemea zilikuwa zikipigania kutambuliwa. Dai la msingi la wapinzani wa shule hizo lilikuwa kwamba Mwafrika hakuwa na elimu kabla ya kuletewa. Kenyatta alijibu kwa kuonyesha kwamba ua wa Mkikuyu ulikuwa shule tangu zamani, na kwamba hata chungu cha udongo mkononi mwa msichana wa miaka mitano kilikuwa somo. Alilichukua jembe la Groos kutoka mikononi mwa Wazungu na kulima nalo shamba lake.

Ushindi huo ulikuwa na gharama. Kijumba kikishakuwa shule, mchezo huwa somo, na somo huwa na jibu lililo sahihi. Katika maelezo ya Kenyatta hakuna mtoto anayepika chakula kibaya kwa makusudi, hakuna mume anayeigizwa akirudi na harufu ya pombe, wala mke mwenza anayenuna. Watoto wake wote wanafanya vizuri. Hoja iliyotolewa kuwajibu wakoloni ndiyo iliyorithiwa na wahakiki wa baada ya uhuru, ambao hawakuwa tena na mkoloni wa kujibiwa, na ndiyo inayosikika leo katika madarasa ya fasihi simulizi.

Waliosikiliza

Katika mwaka ule ule wa 1938, Meyer Fortes alichapisha uchunguzi wake wa elimu ya Watalensi, kaskazini mwa nchi inayoitwa Ghana leo. Fortes naye aliona watoto wakilima mashamba madogo na kupika kwa vigae, lakini alikataa kuuita mchezo huo unakili. Alisisitiza kwamba mtoto hakurudii alichokiona kama kioo. Hujenga kitu kipya kutokana na maisha ya wakubwa, kwa mantiki yake na kwa vifaa alivyo navyo. Kauli hiyo ilikaribia sana lugha ya mhakiki wa fasihi anayekieleza kitendo cha utunzi.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Otto Raum, mwana wa mmisionari wa Kilutheri, katika kitabu chake Chaga Childhood cha mwaka 1940 kuhusu watoto wa Kilimanjaro. Kwa Raum, kiini cha mchezo huo kimo katika kujifanya, na kuiga ni sehemu yake tu: mtoto huijenga jamii ya watu wazima ya kuwaziwa kutokana na vipande vipande vya mambo aliyoruhusiwa kuyajua. Neno la kutiliwa mkazo hapa ni kuruhusiwa. Watu wazima hufunga milango, hunong'ona, hubadilisha mazungumzo mtoto anapoingia. Anachokipata ni sauti ya ugomvi bila chanzo chake, au mgeni aliyekuja na kuondoka bila maelezo. Kijumba hujazia mapengo hayo. Raum aliona pia kwamba watoto huwatia chumvi wakubwa, huzikuza dosari zao na kuwakejeli. Mambo hayo mawili yanategemeana, kwa kuwa anayefichwa jambo hupata nafasi ya kulitunga, na anayelitunga hana sababu ya kumpendelea aliyemficha.

Miaka saba kabla ya kitabu cha Raum, mwaka 1933, Lev Vygotsky alitoa mhadhara kuhusu mchezo mjini Leningrad, ambao haukuchapishwa hadi mwaka 1966. Humo anautumia mfano alioutoa kwa James Sully: ndugu wawili wa kike, mmoja wa miaka mitano na mwingine wa miaka saba, waliamua kucheza mchezo wa kuwa ndugu. Katika maisha ya kila siku mtoto ni ndugu bila ya kulifikiria jambo hilo. Anapoamua kulicheza, hulazimika kujiuliza ndugu huwa vipi, huvaaje, huongeaje, na kipi hawezi kutenda. Kanuni iliyokuwa imejificha ndani ya desturi hutokeza nje. Vygotsky alikuwa ameandika kuhusu saikolojia ya sanaa katika miaka ya ishirini, wakati kazi za Wanaumbuji wa Kirusi zikijadiliwa, na vigumu kuusoma mfano huo bila ya kumkumbuka Shklovsky, ambaye mwaka 1917 alitetea kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kilichozoeleka kionekane kigeni ili kipate kuonekana upya. Mchezo wa ndugu kuwa ndugu ni tendo hilo hilo, nao unatendwa na watoto ambao hawajasoma nadharia yoyote.

Kwa mintarafu ya fasihi ya Kiswahili, maoni hayo yanafungua mlango wa ulinganisho ambao haujafanywa vya kutosha. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa na Mwana Kupona binti Mshamu karibu mwaka 1858, ni sauti ya mama inayomfunza binti namna ya kuishi na Mola, na watu, na mume, na nyumba. Binti ndiye msikilizaji wa utenzi mzima. Amewekwa mbele ya mama aketi na kuzingatia. Kijumbani mambo hupinduka. Binti ndiye anayesema kwa kinywa cha mama, na gunzi la mahindi ndilo linaloketi kuusiwa. Katika tendi za mawaidha mama hasemi maneno ya uchovu, wala hamwambii mwana asimletee balaa. Mama wa kijumbani huyasema yote, na kwa lafudhi ambayo jirani yeyote angeitambua. Ikiwa mhakiki anataka kujua jinsi mawaidha ya nyumba yalivyopokelewa na waliokusudiwa, huenda ushahidi ulio karibu zaidi uko nyuma ya jiko kuliko katika hati.

Hapa pana suala zito la kijinsia. Wanaoukubali mchezo kuwa mazoezi tu wamelazimika kukiri kwamba msichana hufunzwa humo unyenyekevu na mvulana hufunzwa amri, na wako waliotaka mchezo wenyewe ubadilishwe kwa sababu hiyo. Hofu yao ina msingi. Hata hivyo inamsahau msichana anayemwigiza baba, au anayemwigiza mama akimjibu baba maneno ambayo mama halisi huyameza. Ni vigumu kumwita huyo mwanafunzi wa unyenyekevu.

Mtoto aliyebeba mtoto

Kuna ushahidi mmoja kutoka Kenya ambao umetumiwa kuyapinga maelezo ya aina hii, nao unastahili kukabiliwa. Kati ya mwaka 1955 na 1957 Robert LeVine na Barbara LeVine walifanya utafiti katika jamii ya Kigusii waliyoiita Nyansongo, ikiwa mojawapo ya jamii sita zilizolinganishwa katika mradi mkubwa ulioongozwa na Beatrice Whiting na John Whiting. Iliripotiwa kwamba mchezo wa kuwazia ulikuwa haba miongoni mwa watoto wa Nyansongo. Walichunga ng'ombe, waliteka maji, walitafuta kuni, na wasichana wadogo walikabidhiwa watoto wachanga wawalee mchana kutwa mama zao wakiwa shambani. Kutokana na ripoti za namna hii, baadhi ya wanasaikolojia walihitimisha kwamba kujifanya ni anasa ya jamii zenye nafasi.

Hitimisho hilo lina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya mbinu: mgeni mzima mwenye daftari, tena Mzungu, akisimama uani, kinachokoma kwanza ni kile kicheko cha kuwakejeli watu wazima. Ya pili ni ya kina zaidi. Msichana wa miaka sita mwenye mtoto halisi mgongoni hahitaji gunzi. Anapomwimbia mtoto huyo kwa sauti ya mama yake na kumkaripia kwa maneno ya mama yake, ni nani atakayeuchora mpaka kati ya kazi na mchezo? Thomas Weisner na Ronald Gallimore, katika makala yao ya mwaka 1977 kuhusu ulezi wa ndugu kwa ndugu, walionyesha jinsi ulezi wa namna hiyo ulivyoenea duniani na jinsi ulivyopuuzwa na nadharia zilizomtazama mama peke yake. Carol Ember naye alichapisha mwaka 1973 utafiti kuhusu wavulana wa Kijaluo wa Oyugis ambao, kwa kukosa dada wa umri unaofaa, walipewa kazi za nyumbani zilizohesabiwa kuwa za kike. Mwenendo wao ulitofautiana na wa wavulana wengine na kusogea upande wa wasichana, hata walipokuwa hawafanyi kazi hizo. Nafasi ya mtu wa nyumbani, ikichukuliwa kwa muda wa kutosha, humgeuza mchukuaji, iwe aliichukua kwa kucheza au kwa kutumwa.

Kijumba bila hadhira

Yote hayo yanairejesha mada kwa wahakiki wenyewe. Ufafanuzi wa sanaa za maonyesho ulioenea kutoka Dar es Salaam tangu miaka ya 1970, na unaohusishwa hasa na Penina Muhando, aliyeandika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976) pamoja na Ndyanao Balisidya, unadai mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea, na watazamaji. Ufafanuzi huo ulifanya kazi kubwa ya kuzikomboa sanaa za jadi kutoka katika vipimo vya jukwaa la Kizungu. M. M. Mulokozi, katika uainishaji wake wa mwaka 1989, aliyapa maigizo nafasi kamili miongoni mwa tanzu sita za fasihi simulizi. Lakini kijumba cha watoto hukidhi masharti matatu tu ya Muhando. Watazamaji hakina. Kila aliyemo ni mhusika, na asiye mhusika hufukuzwa au hupewa nafasi. Mtu mzima akisimama kutazama, sauti hushuka, baba hurudi kuwa mtoto wa jirani, na mchezo hufa.

Wahakiki wameliepuka tatizo hilo kwa kukitaja kijumba harakaharaka na kukimbilia michezo yenye nyimbo na duara, ambayo hutazamika na kunakiliwa kwa urahisi. Huo ni ukwepaji. Sanaa isiyo na watazamaji inailazimisha nadharia ijieleze upya, na pengine jibu liko katika lugha ya wachezaji wenyewe. Kabla ya lolote kutendeka, mmoja husema: "Tufanye mimi ndiye mama." Kitenzi kiko katika hali ya dhamira na nafsi ya wingi. Hasemi nifanye, kwa maana peke yake hawezi kuwa mama. Ni lazima wenziwe wakubali kuwa watoto. Kisha huja neno eti, ambalo katika mazungumzo ya watu wazima ni la shaka, la kutupia wengine dhamana ya usemi. "Eti wewe umetoka kazini. Eti umechelewa." Kijumbani neno hilo la shaka ndilo linalofungua pazia. Mara tu linapotamkwa, kauli zinazofuata huacha kusema eti: "Umetoka wapi saa hizi?" Mchezo mzima huenda na kurudi kati ya lugha inayoutunga na lugha inayotungwa, na mara nyingine ile ya kwanza ndiyo ndefu zaidi, kwa kuwa ubishi kuhusu nani atakuwa baba unaweza kumaliza alasiri. Gregory Bateson, mwaka 1955, alieleza kwamba hakuna mchezo bila ujumbe usemao kuwa huu ni mchezo. Kiswahili kimeuweka ujumbe huo katika neno la silabi mbili. Yafaa pia kuangaliwa neno bandia, ambalo katika kamusi hubeba maana ya mwanasesere pamoja na ya kitu kisicho halisi. Mtu mzima husikia humo udanganyifu. Mtoto anayemfunga mtoto wa bandia mgongoni hadanganyi wala hadanganyiki.

Kwa hiyo watendaji wa kijumba ni watunzi, waelekezi na wahakiki wa kazi yao wenyewe kwa wakati mmoja, nao huisahihisha palepale: "Aa, mama hasemi hivyo." Sentensi hiyo fupi ni tahakiki. Inadai ukweli wa kisanaa kwa kuupima dhidi ya maisha, na anayekosolewa huweza kujibu kwamba mama wa kwao husema hivyo hivyo. Watoto wa nyumba mbili hugundua kwa njia hiyo kwamba mambo waliyoyadhania kuwa ya ulimwengu mzima ni ya nyumba yao tu.

Kwa miongo kadhaa sasa kijumba kimekuwa kikiingizwa darasani. Tangu mwaka 1984 kituo cha kitaifa cha elimu ya chekechea kiliwahimiza walimu watengeneze vifaa vya kuchezea kutokana na vitu vya mazingira, na pembe ya nyumbani, yenye vyombo vidogo na wanasesere, imekuwa sehemu ya madarasa mengi. Katiba ya mwaka 2010 ilikabidhi elimu hiyo kwa serikali za kaunti, na mtaala wa umilisi, uliojaribiwa kuanzia mwaka 2017 na kuenezwa nchini mwaka 2019, unautambua mchezo kuwa njia ya kujifunza. Ni hatua ya kupongezwa. Lakini mwalimu yupo, na anatathmini. Mtoto akimwigiza baba anayeivunja sahani kwa sababu chakula kimepoa, mwalimu ataandika nini? Umilisi gani umefikiwa? Baadhi ya walimu watamwita mtoto faraghani na kumuuliza mambo ya kwao, na huenda hilo ndilo linalotakiwa. Wengine watamwelekeza apike vizuri. Kwa vyovyote vile, watazamaji wa Muhando wamepatikana, na Plato amerudi na zana zake ndogo. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jinsi dola, ya kikoloni na ya baadaye, ilivyodhibiti maonyesho kwa leseni, na mchezo wa Kamĩrĩĩthũ ulinyang'anywa leseni yake Novemba 1977. Kijumba cha nyuma ya jiko hakijawahi kuomba leseni, na uhuru huo ni sehemu ya umbo lake.

Mtafiti atakayetaka kuikusanya fasihi hii hatafika mbali kwa kinasa sauti kilichofichwa, kwani huo ni uchunguliaji mwingine. Hatafika mbali pia kwa kuwaomba watoto waigize, kwa sababu watamwigizia wanayodhani anayataka, kama Kabete ilivyoigiziwa. Wenye uzoefu wa kukaa na watoto wanajua kuna njia moja tu ya kubaki kijumbani bila ya kukivunja, nayo ni kupewa nafasi. Aghalabu mtu mzima hufanywa mgeni. Huonyeshwa jiwe la kukalia, huulizwa habari za safari, huambiwa kwamba baba bado hajarudi na hakuna ajuaye alikokwenda, kisha huletewa chai ya mchanga katika kifuu. Mama humsimamia, mtoto mgongoni, hadi ainywe yote.